Milo Iliyolipiwa Kabla: Siku Tano na Mama katika Bustani za Florida

Mama yetu ana umri wa miaka 71, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na hajawahi kufika Mikumi. Twiga wake wa kwanza alimwona Florida, nchini Marekani, kupitia dirisha la mgahawa wenye jina la Kiswahili. Alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Subhanallah," kisha akaendelea kula. Kwa sisi wanawe, jambo la kushukuru zaidi siku ile halikuwa twiga. Lilikuwa kwamba Mama alikuwa anakula.

Ndugu msomaji, niruhusu nianze mwanzo.

Kaka yetu mkubwa anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, kwa miaka mingi sasa, akifanya kazi katika ghala la bidhaa. Dada yetu ameolewa Toronto, Kanada. Mimi nimebaki nyumbani na Mama. Wajukuu walikuwa wakimfahamu bibi yao kwa simu tu, na mdogo kuliko wote alikuwa bado hajabebwa naye hata mara moja. Mwenyezi Mungu alipojaalia Mama na mimi tukapata viza, Kaka alituita sote tukutane kwake mwezi Desemba 2024, wakati wa likizo za shule. Watoto walipoulizwa wangependa kumpeleka bibi yao wapi, walijibu kwa sauti moja: Walt Disney World.

Tulikuwa watu 11. Saba tulitoka Columbus kwa gari moja, tukapita Kentucky, Tennessee na Georgia, tukalala njiani usiku mmoja kwa ajili ya Mama. Dada, mumewe na watoto wao wawili walikuja kwa ndege. Tulikutana mlangoni mwa hoteli Jumatatu jioni, na kilio cha Mama na Dada kiliwafanya hata wapagazi wasimame.

Mji ndani ya mji

Asiyefika huko hudhani ni uwanja mmoja wa bembea. Sivyo. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 100, nje kidogo ya Orlando, lililofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya kufariki mwenye jina lake, Walt Disney. Ndani yake mna bustani kuu nne: Magic Kingdom iliyotangulia, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya 1989, na Animal Kingdom ya 1998. Mna zaidi ya hoteli 20, mabasi yake, maziwa yake na barabara zake.

Ukubwa huo ndio unaozaa suala la chakula. Ukishaingia bustanini asubuhi, umejifunga. Hakuna mama ntilie ng'ambo ya barabara, wala duka la Mpemba kona ya pili. Mtoto akilia njaa saa saba mchana, utanunua kinachouzwa pale, kwa bei ya pale. Kwa familia ya watu 11, kila mlo ni kikao cha fedha. Ndiyo sababu wenye eneo hilo wameweka utaratibu wa kulipia milo kabla ya safari, pamoja na chumba. Utaratibu huo ulisimamishwa wakati wa korona mwaka 2020, ukarejeshwa Januari 2024.

Unavyokwenda ni hivi. Lazima ulale katika hoteli iliyomo ndani ya eneo. Kuna mipango miwili. Wa kwanza humpa kila mtu, kwa kila usiku anaolala, milo miwili ya kuchukua kaunta na kitafunwa kimoja. Wa pili humpa mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, na kitafunwa kimoja. Yote miwili huja na kikombe ambacho mtu hukijaza vinywaji pale hotelini muda wote wa ukaaji wake. Mwaka 2024 mpango wa kwanza ulikuwa dola 57 kwa usiku kwa mtu mzima, na wa pili dola 94, senti ukiziweka kando. Watoto wa miaka 3 hadi 9 walikuwa na bei yao ndogo. Aliye chini ya miaka mitatu hahesabiwi, hula katika sahani ya mzazi.

Sharti moja ni zito: hamuwezi kugawanyika. Wote mliomo katika nafasi moja mliyoweka, kuanzia mwenye miaka mitatu hadi mzee, mnaingia katika mpango mmoja au mnakaa nje wote. Na mtoto akishatimiza miaka kumi, hapo ni mtu mzima. Mtoto wa Kaka mwenye miaka 11, ambaye maishani mwake hula chipsi na kuacha vingine vyote, alilipiwa sawa na baba yake.

Kaka alichagua mpango wa pili. Alisema, "Mama hajapata kukaa mezani akahudumiwa. Siku nne hizi ahudumiwe." Watu wazima wanane na watoto wawili kwa usiku nne: jumla ilifika dola 3,254. Alizilipa mwenyewe zote, akakataa mchango wa Dada, akakataa hata wangu mdogo. Baadaye shemeji yangu, mkewe, aliniambia kwamba fedha zile zilitokana na zamu za usiku alizoziongeza tangu mwezi wa Agosti.

Mama anasema ameshiba

Usiku wa kwanza tulikwenda kwenye bufee. Sahani zilijaa. Mama alichukua mkate, tikiti maji na chai. Alipoulizwa, alijibu kwamba safari imemchosha. Siku ya pili, Magic Kingdom, mlo wa mchana aliwagawia wajukuu, akasema ameshiba. Usiku, bufee nyingine. Mkate, matunda, chai. "Nimeshiba, wanangu, Alhamdulillah." Katika bufee mlo huhesabiwa mtu akishaketi. Hivyo Mama alikuwa amelipiwa dola 94 kwa siku, naye anakula vipande vya tikiti.

Mimi na Mama tulilala chumba kimoja. Alfajiri ya Jumatano niliamka kabla ya saa yangu kulia. Taa ya msalani ilikuwa inawaka, na Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mkononi ana mfuko wa visheti alivyovipika mwenyewe nyumbani kabla ya safari, na tende. Alikuwa anakula taratibu, kama mtu anayejificha. Mfuko ule ulikuwa umekaribia kwisha.

Nikamuuliza, "Mama, una njaa?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, nyama ile sijui imechinjwa vipi. Mafuta yale sijui yamekaanga nini. Nikikataa mbele ya wote, kaka yako atavunjika moyo. Ametoa fedha zake. Nikila, moyo wangu hautulii. Nimeona ninyamaze. Siku nne si nyingi."

Msomaji, niliona haya. Mimi nilikuwa nimekula siku mbili zile bila kuuliza, nikijiambia kwamba chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa, wala sikujishughulisha na jinsi mnyama anavyochinjwa leo katika viwanda, jambo ambalo wanazuoni wetu wamelijadili sana na kutofautiana. Mama hakumlaumu aliyekula. Yeye alikuwa ameshika njia ya kuacha lenye shaka, tena kwa gharama ya tumbo lake. Na sisi watoto watatu, watu wazima wote, tulikuwa tumemlipia kila kitu isipokuwa kumuuliza swali moja kabla ya kulipa: Mama, utakula nini?

Baada ya sala ya Alfajiri nilimgongea Kaka mlango. Nilimweleza tukiwa tumesimama kwenye ujia. Hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Nilidhani nimemlipia Mama chakula. Kumbe nimemlipia njaa." Akaingia chumbani kwa Mama, akapiga magoti, akashika miguu yake. Nilifunga mlango nikawaacha.

Kuuliza si aibu

Kuanzia saa ile mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa njia nyepesi kuliko tulivyofikiri. Kwanza tuligundua kwamba kanuni za bustani zile zinaruhusu mgeni kuingia na chakula chake, mradi kisiwe katika vyombo vya kioo na pasiwe na pombe. Kaka aliendesha gari hadi mjini Orlando, ambako kuna Waislamu wengi, misikiti na migahawa ya halali, akarudi na wali, kuku wa kuoka na dengu. Mchana ule Mama alikula kwenye benchi, chini ya mti, huku wajukuu wakimpokonya kuku. Wale waliokuwa wanalalamikia chakula tangu Jumatatu ghafla walikuwa na hamu.

Pili, tulijifunza kuuliza. Katika migahawa ya kukaa mezani, mwenye mahitaji ya pekee ya chakula anashauriwa ayataje wakati wa kuweka nafasi, na akifika anaweza kuomba kuzungumza na mpishi. Sisi tulikuwa tumeweka nafasi bila kutaja lolote, maana Kaka aliona haya kusumbua watu. Usiku ule wa Jumatano tulikuwa na meza katika mgahawa uitwao Sanaa.

Hapa nisimulie kidogo, kwa kuwa ni jambo litakalomfurahisha msomaji wa Kiswahili. Ndani ya Florida kuna hoteli, Animal Kingdom Lodge, iliyojaa maneno yetu. Jengo moja huitwa Jambo House, jingine Kidani Village. Migahawa yake ni Boma, Jiko na Sanaa. Duka lake ni Zawadi. Bwawa moja la kuogelea ni Uzima, jingine Samawati. Na kando ya bwawa hilo la pili pana baa iitwayo Maji. Mama alisoma kibao, akauliza wanauza nini pale. Alipoelezwa, alicheka hadi akaegemea ukuta. "Jina wamepatia," alisema, "kinywaji wamekosea."

Mgahawa wa Sanaa una madirisha makubwa yanayotazama uwanda wa nyasi ambamo twiga na pundamilia huzunguka. Mhudumu alituitia mpishi. Kaka, aliyekuwa akiona haya, ndiye aliyesema, "Huyu ni mama yetu. Hali nyama isiyo halali, wala kilichopikwa kwa pombe au kuguswa na nguruwe. Tafadhali tueleze ukweli." Mpishi alituonesha katika orodha nini kimo na nini hakimo. Tukaagiza samaki, mboga, na mikate ya naan inayoletwa moto moto pamoja na achari na chatine za aina tisa. Mama alichovya, akatafakari, akachovya tena. "Hii ya embe," alisema, "naijua." Ndipo twiga alipopita, kama nilivyosimulia mwanzo.

Lamu isiyo na bahari

Kesho yake tulimpeleka Animal Kingdom. Huko wamejenga kijiji cha kubuni wakakiita Harambe. Wakenya wataona kwamba kimepungua herufi moja. Waliokibuni walizunguka Afrika Mashariki kutafuta mifano, na kwa mtu wa pwani haihitaji kuambiwa kwamba walipita Lamu: kuta za chokaa zilizobanduka, milango ya mbao, vichochoro, matangazo ya Kiswahili ukutani. Mama aligusa ukuta. Ulikuwa saruji iliyofinyangwa ionekane kuukuu. "Wameuzeesha makusudi," alisema. "Kwetu tunaupaka chokaa uonekane mpya." Kutoka hapo huondoka magari ya kwenda kutazama wanyama, safari iitwayo Kilimanjaro, ambayo mlima wake hauonekani, na baadhi ya mibuyu yake mikubwa ni ya saruji. Wanyama, hata hivyo, ni wa kweli, na furaha ya watoto ilikuwa ya kweli.

Mchana tulihamia EPCOT, ambako mataifa kadhaa yana mabanda yao kando ya ziwa. Banda la Moroko lilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan II alituma mafundi wa nchi yake kulipamba kwa vigae na nakshi. Mbele yake umesimama mnara ulioigizwa kutoka msikiti wa Koutoubia wa Marrakech. Ni kazi nzuri ya mikono ya Waislamu, na macho hupumzika kuitazama. Lakini mnara ule hauadhini. Tulikuwa tumesali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama inavyoruhusiwa kwa msafiri, pembeni mwa njia, juu ya kanga ya Mama. Watu walipita wakitupisha kwa heshima. Desemba jua huzama mapema huko, saa kumi na moja na nusu jioni hivi, basi tukarejea hotelini kwa Magharibi na Isha.

Hesabu ya usiku wa mwisho

Alhamisi usiku Kaka alifungua simu yake kutazama kilichobaki. Milo 11 ya kaunta na vitafunwa 14. Kwa kanuni za mpango, kisichotumika hadi saa sita usiku wa siku ya kuondoka hupotea. Hakirudishwi fedha, hakiuzwi, wala hakipewi mtu mwingine.

Mtoto wa miaka 15 alikuja na shauri. Kesho tusiondoke mapema. Tupite kwenye kaunta zote tule mpaka viishe. Wenzake wakashangilia. Kaka aliafiki nusu nusu, kwa maana zamu za usiku tangu Agosti hazisahauliki. Ni Mama aliyezungumza. "Kilicholipwa kimekwisha kulipwa," alisema. "Fedha imetoka mfukoni siku ile, haitoki kesho. Mkila msichokihitaji ili fedha isipotee, mtapoteza fedha na tumbo pia. Tumbo si ghala." Kisha akamkumbusha mjukuu wake makatazo ya israfu yaliyomo katika aya ya 31 ya Suratul-A'raf, ambayo kijana yule alikuwa ameihifadhi darasani kwake Columbus bila kudhani kwamba inahusu bustani za Disney.

Tukaafikiana hivi: vitafunwa 14 vikawa chupa za maji, matunda na biskuti za pakiti kwa ajili ya njia. Ijumaa asubuhi watoto watano walikunywa chai kwa milo mitano. Ikabaki sita. Mchana tulisali Ijumaa mjini Orlando, na ingawa msafiri hakulazimika, Mama alitaka wajukuu wake waione jamaa kubwa ya Waislamu wa rangi zote katika nchi ile. Saa sita usiku milo sita ilipofutika, sisi saba wa Columbus tulikuwa tumelala Georgia.

Yale tuliyojifunza

Kaka alipojumlisha bei za vile tulivyokula kweli, aliona kwamba tungelipa papo kwa papo ingekuwa nafuu kwake. Sababu mojawapo inatuhusu sisi Waislamu hasa. Katika kila mlo wa mpango ule kuna kinywaji kimoja, na kwa aliyetimiza miaka 21 kinywaji hicho chaweza kuwa bia au mvinyo. Anayekunywa vitu hivyo hupata faida kubwa, kwa kuwa bei zake ni ghali. Muislamu anayechukua maji hulipa bei ile ile, ilhali maji ya barafu hutolewa bure katika kaunta ukiomba. Hivyo hivyo kwa nyama: ghali zaidi katika orodha ndiyo tusiyoila. Tena bahashishi ya wahudumu haimo katika mpango, na kwa kundi kubwa huongezwa asilimia 18 juu ya bei ya meza. Si kwamba mpango ni wa udanganyifu. Masharti yote yameandikwa. Ni kwamba umekatwa kwa kipimo cha mwili mwingine, nasi tukauvaa bila kuujaribu.

Wengi wetu hatutafika Florida. Lakini milo ya kulipia kabla tunayo hapa hapa: hoteli za Zanzibar zenye bei moja ya kila kitu, vifurushi vya Umra vyenye chakula ndani, safari za shule za watoto wetu. Kabla ya kulipa, uliza bei bila chakula ni ngapi. Uliza nani katika familia anakula nini, na umri wa kila mtoto unahesabiwaje. Uliza kama unaweza kuingia na chakula chako, na kisichotumika kinakwenda wapi. Taja mapema kwamba unataka halali. Aliyeulizwa kwa adabu mara nyingi hujibu kwa adabu. Juu ya yote, muulize mzee uliye naye, tena muulize peke yake, maana wazee wetu wamezoea kutuambia wameshiba.

Mfuko wa visheti ulirudi Columbus mtupu. Jumapili asubuhi tulimkuta Mama jikoni kwa Kaka, unga umejaa mikononi, akikata vingine, na yule mjukuu mdogo kuliko wote ameketi juu ya meza karibu yake, mdomo wazi, akisubiri.